Nani aliyeitia utusitusi Grand Canyon?

Wiki iliyopita nilikuwa natafuta faili kubwa la data la kujaribia programu ninayoiandika ya kuchora grafu. Sikutaka namba za kubuni, maana hizo huwa na adabu kupita kiasi na hazikuonyeshi hitilafu. Katika kupekuapekua nikaangukia hazina ya mtandao wa vituo uitwao IMPROVE, unaopima chembechembe za hewani katika mbuga za taifa na nyika za Marekani tangu mwaka wa 1988. Data yote ni ya bure, yeyote anaweza kuishusha. Nikaishusha, nikaiendesha, na wastani wa kwanza niliopata ukawa hasi. Hewa yenye uchafu pungufu ya sifuri!

Nilihangaika karibu saa nzima kabla ya kugundua kwamba pale kipimo kilipokosekana wao huandika -999, nami nilikuwa nikizijumlisha kama namba halali. Kosa ni langu, niliruka ukurasa wa maelezo. Lakini nilipoanza kuusoma ukurasa huo sikuweza kuuacha, kwa sababu nyuma ya safu zile za namba kuna kesi ya miaka mingi, na swali lake ni lile lile linalotukosesha usingizi sisi waandishi wa programu: mfumo umeharibika, dalili zinaonekana, ila ni nani hasa aliyeuharibu, na kwa kiasi gani?

Kwanza tuelewane. Utusitusi ninaouzungumzia si ukungu wa maji kama ule wa Limuru asubuhi. Ni ule weupe mkavu unaofanya mlima wa mbali uonekane kana kwamba umewekewa pazia kuukuu. Huletwa na chembe zenye upana wa chini ya mikroni 2.5, na kwa kulinganisha unywele wa binadamu una mikroni 50 hadi 70 hivi. Zinazosumbua macho zaidi ni zile za kati ya mikroni 0.1 na 1, kwa sababu ukubwa wao unakaribiana na urefu wa mawimbi ya mwanga tunaouona, kwa hiyo huutawanya mwanga vizuri mno. Bingwa wao huitwa salfeti. Hutokana na gesi ya salfa inayotoka kwenye makaa ya mawe na kwenye viwanda vya kuyeyushia shaba, nayo hupenda maji: hewa ikiwa na unyevu, chembe hunyonya maji, huvimba, na pazia huwa zito zaidi.

Jambo lingine ambalo sikulijua ni hili. Kadiri hewa ilivyo safi, ndivyo inavyoharibika upesi. Tone la wino ndani ya glasi ya maji utaliona mara moja. Litie kwenye kikombe cha chai ya rangi uone kama kuna atakayejua. Ndiyo maana uchafu kidogo ambao katikati ya jiji hakuna angeushtukia unaweza kufuta mandhari ya nyikani, mahali ambapo siku njema jicho hufika zaidi ya kilomita 200.

Mwaka wa 1977 Bunge la Marekani lilibadilisha sheria ya hewa safi na kuweka lengo la kuzuia na kuondoa utusitusi unaosababishwa na binadamu katika maeneo maalumu, mbuga kubwa za taifa na nyika zilizotengwa. Maeneo yaliyoingia katika hesabu ni 156. Maneno mazuri kabisa. Kisha mwaka wa 1980 zikatoka kanuni za Shirika la Kulinda Mazingira (wenyewe huliita EPA), na hapo ndipo mambo yalipopinda. Kanuni zilisema kiwanda kitabanwa iwapo tu utusitusi wa eneo fulani unaweza kuhusishwa nacho kwa namna ya kuridhisha. Yaani mwenye mbuga sharti aonyeshe moshi huu umetoka wapi. Moshi hauna nambari ya usajili.

Au pengine unayo. Katika Chuo Kikuu cha California kule Davis kulikuwa na mwanafizikia aitwaye Thomas Cahill, na maabara yenye saiklotroni, mashine ya kukimbiza protoni. Wao walichukua kichujio kilichonyonya hewa ya mbugani, wakakipiga kwa mwali wa protoni, na kila elementi iliyomo ikajibu kwa mionzi ya eksirei yenye nishati yake yenyewe. Hivyo, kutoka kwenye uchafu usioweza hata kuupima kwa mizani ya kawaida, unapata orodha nzima. Silika, alumini na chuma ni udongo. Potasiamu isiyotoka kwenye udongo huashiria kuni na misitu inayoungua. Vanadi na nikeli ni mafuta mazito kama yale ya meli. Seleni huelekeza kwenye makaa ya mawe, na aseniki kwenye viwanda vya shaba. Kila chanzo na saini yake, au angalau kipande cha saini. Vituo vya IMPROVE vilikua kutokana na kazi hiyo: kila kimoja kina vichujio vinne vinavyofanya kazi sambamba, na siku hizi hukusanya hewa kwa saa 24 kila siku ya tatu, iwe jua au theluji.

Njia nyingine ya kumtafuta mkosaji ni ile tuijuayo sote: zima huduma moja uone kama tatizo limeondoka. Watafiti hawana mamlaka ya kuzima kiwanda, ila wafanyakazi wanayo. Viwanda vya shaba vya kusini magharibi mwa Marekani vilisimama kwa mgomo mrefu mwaka wa 1967 na 1968, kisha tena 1980, na mara zote salfeti hewani ilishuka. Mgomo ukageuka kuwa jaribio la sayansi. Nadhani hakuna mgomaji aliyelifikiria hilo.

Sasa tuje kwa mshtakiwa wetu. Karibu na mji wa Page, Arizona, ndani ya ardhi ya Wanavajo, palijengwa Navajo Generating Station, kituo cha umeme wa makaa ya mawe chenye uwezo wa megawati 2,250. Mitambo yake mitatu ilianza kazi kati ya 1974 na 1976. Mabomba yake matatu ya moshi yalikuwa na urefu wa mita 236 kila moja, na mpaka wa Grand Canyon haukuwa mbali, yapata kilomita 24 tu. Makaa yalichimbwa Kayenta, kwenye ardhi hiyo hiyo ya wenyeji, na kuletwa kwa reli ya umeme iliyojengwa kwa kazi hiyo pekee. Stima yake ilienda mijini, na nyingine ilisukuma maji ya mto Colorado kupandisha jangwani hadi Phoenix na Tucson. Nyumba nyingi za Wanavajo hazikuwa na stima hata kidogo, ingawa wengi wa wafanyakazi wa kituo walikuwa Wanavajo, na mishahara yao ililisha familia kubwa kubwa. Shikilia hilo, tutalirudia.

Kila majira ya baridi, korongo la Grand Canyon lilijaa utusitusi kama bakuli la uji. Idara ya Mbuga za Taifa ilikishuku kituo, wenye kituo wakasema onyesheni. Basi Januari na Februari 1987 likafanyika jaribio lililoitwa WHITEX, na mtu aliyehusika sana upande wa mbuga alikuwa mwanafizikia William Malm. Ujanja wao ulikuwa kuutia moshi alama. Waliachilia kupitia bomba la kituo gesi ya methani ambayo hidrojeni zake zote nne zimebadilishwa na hidrojeni nzito. Gesi hiyo ni kama haipo kabisa katika maumbile, kwa hiyo ukiikuta popote, hata chembe yake, unajua imetoka kwako. Kisha wakaenda kuitafuta katika Hopi Point, ukingoni mwa korongo.

Waliikuta. Kwa lugha yetu, walituma pakiti yenye alama kutoka seva A na ikapokewa kwenye seva B. Njia ipo, hakuna tena kubisha. Idara ya Mbuga ikaenda hatua moja mbele: ikatoa hesabu kwamba katika vipindi vilivyochunguzwa kituo kilichangia asilimia 70 hivi ya salfeti iliyopimwa Hopi Point, na asilimia 40 hivi ya utusitusi.

Hapo ndipo vita vilipowaka. Fikiria kidogo. Traceroute hukuambia pakiti zimepita wapi. Haikuambii ni sehemu gani ya msongamano wote inayotokana na yule jamaa wa ghorofa ya tatu anayeshusha sinema. Gesi ya alama haishikani na kitu na haibadiliki. Inayokwenda ndiyo inayofika. Gesi ya salfa nayo ni kigeugeu: nyingine huanguka njiani, nyingine hugeuka salfeti. Kwenye hewa kavu hugeuka polepole, chini ya asilimia chache kwa saa, lakini ndani ya wingu hugeuka upesi sana. Kwa hiyo ukipima alama tu, bado hujui ni salfeti kiasi gani iliyosafiri nayo, mpaka ukisie moshi ulipitia mawingu au la.

Pili ni jambo la takwimu ambalo kila aliyewahi kuwinda chanzo cha mfumo kuwa mzito atalitambua. Upepo ukitulia siku tatu katika majira ya baridi, kila kitu hupanda pamoja: moshi wa kituo, wa viwanda vya shaba, wa miji ya mbali, hata unyevu. Ukiiambia kompyuta igawe lawama kati ya vitu vinavyopanda na kushuka pamoja, itakugawia bila kusita, kwa namba zenye desimali. Badilisha dhana moja ndogo na mgao mzima unahama.

Jopo la Baraza la Taifa la Utafiti liliitwa kuamua, na mwaka wa 1990 likatoa ripoti ambayo mimi naiona mfano wa uungwana wa kisayansi. Lilisema mambo mawili. Moja, ndiyo, kuna nyakati ambapo kituo kilichangia kwa kiasi kikubwa utusitusi wa Grand Canyon. Pili, hapana, WHITEX haikuthibitisha ni sehemu gani hasa ya utusitusi iliyotokana nacho. Kila upande ulichukua sentensi iliyoupendeza na kukimbia nayo. Salt River Project, kampuni iliyokiendesha kituo, ilikuwa imefanya uchunguzi wake yenyewe majira ya baridi ya 1990, na ukatoa mchango mdogo zaidi.

Na kuna kituko. Wizara iliyosimamia Idara ya Mbuga, yaani mshitaki, ndiyo hiyo hiyo iliyosimamia idara ya maji iliyomiliki karibu asilimia 24 ya kituo. Mkono wa kulia ulikuwa unaushtaki mkono wa kushoto!

Kesi haikuisha kwa ushahidi zaidi. Iliisha mezani. Environmental Defense Fund ilikuwa imeshaipeleka EPA mahakamani kwa kukawia, na Februari 1991 EPA ikapendekeza kituo kipunguze salfa kwa asilimia 70, ikihesabiwa kwa siku 30 kwa zamu. Wenye kituo na wanamazingira wakakaa chini, wakatoka na asilimia 90, lakini ikihesabiwa kwa wastani wa mwaka mzima. Inaonekana kama wenye kituo walijipiga risasi mguuni, sivyo? Hata kidogo. Kipimo cha siku 30 kingewalazimu kuweka mitambo ya akiba ya kuosha moshi, ili ule mmoja ukiharibika wasivunje sheria. Kwa wastani wa mwaka, mtambo unaweza kulala siku kadhaa na hesabu bado ikatimia. Hewa ikapata zaidi, gharama ikapungua. Wenzangu mnaoahidi wateja seva isiyolala mnaelewa vizuri tofauti kati ya ahadi ya mwezi na ahadi ya mwaka. Rais George H. W. Bush alikwenda mwenyewe Grand Canyon Septemba 1991 kutia muhuri makubaliano, na mitambo ya kuosha moshi ikakamilika mwaka wa 1999.

Wakati huo huo mshtakiwa wa pili alikuwa anachunguzwa, kituo cha Mohave katika mji wa Laughlin, Nevada, megawati 1,580, kilichopokea makaa yaliyosagwa na kuchanganywa na maji kupitia bomba la kilomita 439. Uchunguzi wake, Project MOHAVE wa 1992, ulikuwa umejifunza kutokana na makosa ya WHITEX. Mchana wa alama ulikuwa wa gesi nyingine, jamii ya perfluorokaboni, na iliachiliwa majira ya baridi na ya joto. Kisha, jambo lililonifurahisha kuliko yote: walioandika modeli za kompyuta walitakiwa kuwasilisha utabiri wao kabla ya kuonyeshwa vipimo vya gesi ya alama. Data ya mtihani ilifichwa, kama inavyopaswa. Matokeo? Modeli nyingi zilianguka vibaya. Zilikuwa hazijui hata gesi imekwenda wapi, wakati waliozitumia walikuwa tayari kuzitegemea kugawa lawama. Ripoti ya 1999 ilikadiria kwamba kituo kilichangia asilimia chache tu ya salfeti katika siku ya kawaida, na zaidi sana katika siku chache mbaya. Sehemu kubwa ya pazia ilitoka kila mahali: miji, viwanda, barabara, na kusini mwa California.

Kufikia hapo ilikuwa wazi kwamba kumsaka mkosaji mmoja mmoja hakutafika mbali. Mwaka wa 1999 EPA ikatoa kanuni za utusitusi wa kieneo: majimbo yote yapunguze pamoja, lengo likiwa hewa ya asili ifikapo mwaka wa 2064. Mwaka huo huo kule Big Bend, Texas, mpakani mwa Mexico, uchunguzi mwingine ulikuta kwamba chanzo kikubwa kuliko vyote kikihesabiwa kimoja kimoja ni vituo vya Carbón upande wa Mexico, yapata sehemu moja ya tano ya salfeti. Mexico haikushiriki, kwa hiyo gesi ya alama iliachiliwa Eagle Pass, upande wa Texas, mahali pa karibu walipoweza kufika. Na mwaka mmoja kabla, Aprili 1998, dhoruba za jangwa la Gobi zilikuwa zimevusha vumbi bahari nzima ya Pasifiki hadi pwani ya magharibi ya Marekani. Sisi nasi tunacho kituo cha kupimia hewa ya mbali, Mlima Kenya, kwenye mita 3,678, kilichofunguliwa 1999 hiyo hiyo.

Kisha likaja jaribio ambalo hakuna aliyelipanga. Mohave kilifungwa siku ya mwisho ya 2005. Mwaka wa 2010 watafiti wawili, Jonathan Terhorst na Mark Berkman, walichapisha uchambuzi wa data hii hii ninayochezea: hawakuona ushahidi wa maana kwamba Grand Canyon ilianza kuonekana vizuri zaidi. Kundi la wanasayansi wa utusitusi, Malm akiwemo, likawajibu 2012 katika jarida hilo hilo. Mimi nilipoisoma hoja ya kwanza nilishangaa, kisha nikakumbuka Project MOHAVE. Kama mchango wa siku ya kawaida ulikuwa asilimia chache, utauonaje kwenye wastani unaorukaruka kila mwaka kwa sababu ya mvua, upepo na moto?

Navajo Generating Station nacho kilizimwa Novemba 2019. Kilichokizima si utusitusi bali bei: gesi asilia ilikuwa rahisi kuliko makaa yake. Mgodi wa Kayenta ulifungwa mwaka huo huo, na mamia ya Wanavajo na Wahopi wakakosa kazi, huku serikali zao zikikosa mapato ya makaa. Mabomba matatu yaliangushwa kwa baruti tarehe 18 Desemba 2020. Watu walikwenda kutazama. Nimesoma kwamba wengine walishangilia na wengine walilia, na nadhani kila mmoja alikuwa na haki yake.

Basi nikarudi kwenye grafu yangu nikitaka kuiona 1999 kwa macho yangu, mwaka moshi ulipomaliza kuoshwa. Sikuweza kuiona vizuri. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kituo cha vipimo cha Grand Canyon kilihamishwa kutoka Hopi Point kwenda Hance Camp, kwa hiyo mfululizo unakatika pale pale ninapotaka kulinganisha. Nani hubadilisha muundo wa data siku ile ile anayopandisha toleo jipya? Nikasema basi nitumie 2020, mwaka wa kwanza mzima bila kituo. Mwaka huo California iliungua kuliko mwaka mwingine wowote uliorekodiwa, moshi ukatanda Magharibi yote, na safu ya kaboni ikaruka juu huku ile ya salfeti ikiwa imelala chini. Programu inafanya kazi sasa, nimeweka kipande kinachotupa zile -999. Nitaipakia hapa wikendi, anayetaka kuisahihisha anakaribishwa.